Meno 31

Jamani mimi Kiarabu nimekisoma chuoni Tanga, yaani madrasa ile ya kuchapwa bakora, kwahiyo nafika Maskati kufanya kazi jikoni kwenye mgahawa mmoja maeneo ya Ruwi nikajiona niko fiti, nani wa kunibabaisha.

Siku ya kwanza meneja, Mmisri, kashika fomu ananiuliza, "Sinnak kam, ya ibni?" Sinn naijua toka nina kamasi, was-sinna bis-sinni, jino kwa jino, iko Suratul Maida. Nikasema kumbe huku wanahesabu na meno, labda ndo vipimo vya afya. Nikayapitia kwa ulimi palepale, 31, gego moja niling'olewa nikiwa kidato cha tatu. "Wahid wa thalathin!" Akaandika. Kuja kufungua pasi, miaka 22. Akanuna, muongo huyu, na mimi nikaona hapa ushahidi tu ndo utaniokoa, nikaachama mbele za watu nikamwonyesha pengo.

Mzee wa kaunta, Muomani mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kinanitia aibu, alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, Mmisri akikwambia sinn anataka umri. Kwani mbuzi wa Idi si mnamfunua meno ndo mjue kafikisha?" Loo. Jino lenyewe kumbe Wamisri wanaliita sinna, na hapo Oman gego likikuuma we sema dhirs, utaeleweka. Nikakariri kutwa nzima, sinn umri, sinn umri, basi yamekwisha.

Yamekwisha wapi! Jioni mpishi, Msiria, jiko linaunguruma, oda zimejaa, anapiga kelele "Hat sinnein tom!" Tom nimeidaka, thomu, si hata kwetu tunasema kitunguu thomu. Sinnein ni mbili. Umri, mbili... anataka thomu ya miaka miwili! Nikazama stoo nikapekua magunia yote, nikatoka na kimoja kimesinyaa kimeanza kuota, nikamwambia kwa adabu zote, chifu, hiki ndo kizee kuliko vyote ila miaka miwili sikuhakikishii.

Akakitazama. Akanitazama. Akachukua kingine kizima akabandua punje mbili, akazichomeka chini ya mdomo wa juu, akanikenulia kama popo.

"Sinn," anasema, "sinnein."

Mafuta kwenye sufuria yalishaungua kitambo.