Seli za mishipa ya kizazi: lebo ya kichupa inasema nini?

Kichupa kikitoka kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, huzamishwa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika moja au mbili, mpaka ndani kibaki kijipande cha barafu. Siku chache baadaye, ukichungulia kwa hadubini, seli zimebanana kwenye sahani kama vigae sakafuni. Ni seli za utando wa ndani wa vimishipa vya damu vya kizazi. Mwenye seli hizo, mara nyingi, ni mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa kutolewa kizazi.

Maabara huzinunua kwa ajili ya utafiti, na wapo wanaoona ni gharama ya bure. Seli za mshipa wa kitovu zimekuwa zikioteshwa tangu 1973, na vitovu havikosekani maadamu watoto wanazaliwa. Hoja hiyo ina nguvu, ila inaruka jambo moja: seli za kitovu ni za mtoto, tena pengine wa kiume, na zinatoka kwenye mshipa mkubwa. Ukitaka kujua kwa nini mwanamke anatokwa na hedhi nzito, mshipa wa mtoto mchanga utakujibu nini?

Kizazi hakina mfano. Vimishipa vya utando wake hubomoka na kuota upya karibu kila mwezi. Mimba ikiingia, mishipa iliyojisokota kama skrubu hulegezwa na kutanuliwa na seli za kondo la nyuma. Isipotanuka vizuri, mama anaweza kupata presha ya mimba, na mwisho kifafa cha mimba. Panya wa kawaida wa maabara hapati hedhi kabisa. Kwa hiyo nakubaliana na wanaozitaka seli hizi.

Lakini neno "kizazi" kwenye lebo linabeba zaidi ya uwezo wake. Nyingi ya seli hizo hutolewa kwenye ukuta wa misuli, si kwenye utando unaomwagika. Zikifika kwenye sahani hazisukumwi na damu, hazina jirani wa aina nyingine, na homoni hazizioni mpaka mtu azitie kwa mkono. Zikigawanyika mara kadhaa huanza kuzeeka na kupoteza tabia zake. Na hatutoi kizazi kizima bila sababu: aliyetoa, mara nyingi, alikuwa na faibroidi (uvimbe wa misuli ya kizazi), au alivuja damu kupita kiasi, au alikuwa na saratani. Kuziita seli za "kawaida" ni ukarimu wa muuzaji.

Ndiyo maana kwangu thamani ya kichupa inategemea kinachosemwa kuhusu mwanamke yule: umri, sababu ya upasuaji, siku ya mzunguko, kama alikuwa akitumia homoni, na tabaka lililokatwa. Hapo ndipo utata unapoanza, kwa sababu kila kinachoongezwa kwenye lebo kinamsogeza karibu na kutambulika. Seli za Henrietta Lacks, Mmarekani aliyekuwa na saratani, zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 kutoka kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi, bila yeye kuombwa ridhaa. Mwaka 2013 watafiti wakachapisha jenomu, yaani mpangilio mzima wa vinasaba, ya seli hizo bila kuiuliza familia yake, kisha wakaiondoa. Siku hizi wauzaji makini hudai ridhaa iliyosainiwa na hufuta jina, lakini jina si kitu pekee kinachomtaja mtu.

Mimi ningezigawa taarifa hizo. Umri, ugonjwa, tabaka na mzunguko viandikwe wazi. Jenomu ifungiwe, ifunguliwe kwa kibali cha kamati. Wanaosema umri peke yake unatosha wafikirie maabara mbili zinazopima jinsi seli zinavyoitikia estrojeni, homoni ya kike: moja ina seli za mwanamke wa miaka 45 anayemeza vidonge vya homoni, nyingine za mwenye miaka 45 asiyemeza chochote. Majibu yakipingana, watagombana juu ya vipimo vyao miezi mizima, na lebo zote mbili zitakuwa zimesema kitu kilekile.