Nilikuwa nazima taa kisa tumbo

Miaka kama sita hivi hapa Nkuhungu, Dodoma, mi nilikuwa mtu wa kuzima taa. Mume wangu akiuliza namjibu umeme wa Luku unaisha, na yeye alivyo mtu wa kubana matumizi basi akawa ananielewa, kumbe mwenzie naficha tumbo. Watoto wawili, wa pili kwa opresheni, kovu lipo pale na nyama ya juu yake imelala kama rambo lenye maji (yale marambo yaliyopigwa marufuku 2019, langu limebaki). Yani tuko katikati ya mambo akili yangu haipo kabisa, ni kama nimesimama mlangoni najiangalia, nabana pumzi, navuta kanga. Utasikia raha gani hapo? Masters na Johnson, wale watafiti wa Marekani, walilisema hili tangu 1970, kwamba ukigeuka mtazamaji wa tendo lako mwenyewe mwili unagoma. 1970 jamani, mi nimejua juzi.

Kilichonifumbua macho ni kichen pati ya binamu yangu, ukumbini Area D. Somo kaongea masaa mawili, kunukia, kukata kiuno, shanga, shuka ziweje, mume anapokelewaje. Nikawa nasubiri aseme na wewe bibi harusi ukiwa na hamu zako unafanyaje, wapi, tukahamia kwenye masufuria. Na ukisikiliza hata Kiswahili chetu, mwanaume anaoa sisi tunaolewa, anatongoza sisi tunatongozwa, mtaani ndo usiseme, wao wanakula sisi tunaliwa. Sasa kama wewe ni chakula utaachaje kuogopa kuchacha? Ndo hapo mtu anameza madawa ya kuongeza makalio, anapaka mkorogo mpaka uso mweupe vifundo vya vidole vyeusi tii. Simcheki mtu, nami nilipaka. Hidrokwinoni, ile kemikali ya kwenye mkorogo, inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, rangi ndo kinga yenyewe, alafu unatoka nayo kwenye jua la Dodoma la mwezi wa kumi, mashavu yaliniwaka nikawa nalala na kitambaa cha maji usoni. Na hiyo ni afadhali, krimu yenye zebaki inakula figo.

Wanaume nao wana yao, wameaminishwa wao ni mashine ndo maana vumbi la Kongo, ile dawa ya nguvu za kiume, haliishi soko, ila hayo waandike wenyewe.

Mi nilichoona ni kwamba sikuwahi kujiuliza nataka nini, nilikuwa najiuliza tu naonekanaje. Tumbo halijapungua hata sentimita, nisiwadanganye. Ila mwezi uliopita nikasema leo naanza mimi. Watoto wamelala, taa inawaka, kanga nimeitupa kwenye kiti, nikamwambia mume wangu sogea huku.

Kaduwaa. Kaangalia taa, kaniangalia mimi, kaangalia tena taa.

"Mama Neema, umenunua Luku?"