Sauti Ile ni ya Lennon Mwenyewe

Juzi nimemsikia tena mtu akisema, kwa kujiamini kabisa, kwamba "Now and Then" ya Beatles, ile bendi ya Uingereza, iliimbwa na kompyuta. Nimechoka na maneno haya. Wimbo ulitoka tarehe 2 Novemba 2023, wahusika wenyewe wakaeleza walivyoutengeneza, na bado watu wanauita wa kughushi.

Aliyeimba ni John Lennon, mmoja wa wanne wa bendi hiyo. Alikuwa nyumbani kwake New York, mwishoni mwa miaka ya 1970, yeye na piano yake na kinasa sauti cha kaseti, basi. Aliuawa Desemba 1980. Mwaka 1994 mjane wake Yoko Ono akampa Paul McCartney kanda zile, na wenzake Lennon watatu wa bendi, Paul, George Harrison na Ringo Starr, wakakamilisha nyimbo mbili, "Free as a Bird" na "Real Love". Huu wa tatu waliugusa 1995 wakauacha. George hakuupenda, na kanda yenyewe ilikuwa taabu tupu: mvumo wa umeme ulisikika chini ya wimbo, na piano ilikuwa ikiifunika sauti. Vyote viwili vilirekodiwa pamoja, kwa hiyo ukipandisha sauti, piano nayo inapanda. Kwa vyombo vya wakati ule hapakuwa na namna ya kuvitenganisha.

Kilichokuja kufanyika ni kutenganisha huko. Timu ya mwongozaji filamu Peter Jackson, katika kuandaa Get Back, filamu zake za kumbukumbu kuhusu Beatles, ilitengeneza programu inayofunzwa kutambua sauti ya mtu na kuichomoa katikati ya vyombo. Ikamchomoa Lennon, piano na mvumo vikabaki upande wao. Haikumtungia hata neno moja. Fundi akikufutia vumbi kwenye picha ya marehemu baba yako, hajakuchorea baba mwingine! Lakini McCartney alipotaja tu akili mnemba, Juni 2023, watu walishahukumu kabla hawajasikia hata ubeti. Haya, nakubali hofu yao haikutoka hewani, maana sauti bandia za waimbaji waliokufa zipo. Hii si mojawapo.

Na wengine wamo kweli. Gitaa la George ni lile alilorekodi 1995. Ringo kapiga dramu upya. Paul kaweka besi, halafu katikati akapiga gitaa la kuteleza (slide), lile la kutelezesha kibomba juu ya nyuzi, kwa mtindo wa George, na pale mimi huwa naacha kila ninachofanya. Sauti za kuitikia zilizochukuliwa kwenye nyimbo zao za zamani hazinisumbui.

Wanaosema George alishaukataa wana hoja, siwezi kuwanyima. Ila mjane wake Olivia na mwanawe Dhani waliridhia.

Nisichoweza kukitetea ni kile kipande kilichokatwa. Kwenye kanda, kabla ya kiitikio, Lennon anaingia sehemu nyingine kabisa, anasema hataki kumpoteza huyo anayemwimbia, na baadhi ya maneno hayashikiki, kama mtu ambaye bado anatunga. Hapo ndipo wimbo ulikuwa unauma. Toleo la 2023 limekiruka, na wimbo umenyooka kupita kiasi. Ukishaisikia kanda, kila ukifika pale sikio linakisubiri. Wangekiacha hivyo hivyo, na maneno yake yasiyokamilika. Hata leo wakitoa toleo lenye kipande hicho, nitalipokea kwa mikono miwili.