Injini ya turbo iliyotumika: kununua nyingine au kufufua uliyonayo?

Subaru ya turbo ikizima barabarani hapa Lubumbashi, kabla haijavutwa mpaka garaji watu wameshagawanyika. Kundi moja linasema: achana na huo mzigo, tafuta motere (injini) nyingine kutoka Japani, toa hii weka ile, wiki ijayo unatembea. Kundi la pili linajibu kwamba injini ya mtu usiyemjua ni bahati nasibu, afadhali ufungue yako, ukereze, uvalishe pistoni mpya. Naona wote wanarukia dawa kabla ya kuuliza ugonjwa.

Wanaotetea kununua wana hoja nzito. Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi waachane na gari kabla halijachoka. Ndiyo maana injini kama EJ20 za Subaru Impreza na Forester, au 1JZ-GTE za Toyota, zinaweza kutufikia kwa njia ya Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa zikiwa bado na uhai. Tena, injini ambayo haijawahi kuguswa ilifungwa kiwandani, kwa vipimo vya kiwandani. Fundi anayefunga injini uani mwezi wa nane, vumbi jekundu likiingia kila mahali, hana nafasi hiyo hata awe stadi namna gani. Injini iliyofungwa vibaya ni hatari kuliko iliyochoka.

Lakini gari la mbio si Corolla ya kwenda kazini. Mwenye nalo alilinunua alikanyage. Hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano yao wenyewe ya kutotangaza nguvu inayozidi farasi 280, na wapenzi wa magari hayo walijua kuna akiba ndani. Wengi waliongeza presha ya turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, na kubadilisha kompyuta inayoiongoza injini, na hakuna karatasi inayosafiri na injini kueleza hayo. Kilomita nazo zinasomwa kwenye dashibodi, na dashibodi haikuja. Muuzaji akikuambia, "Hii motere haiyafunguliwa bado," huenda anasema kweli tupu, ila hajui kwa nini lile gari lilikatwakatwa. Kama liligongwa nyuma, umepata mali. Kama liliuzwa kwa sababu injini ilianza kugonga, umenunua ule ugonjwa wake.

Sikubaliani na wanaosema hakuna namna ya kujua. Ukinunua injini pamoja na giaboksi yake, stata inakaa mahali pake, na betri moja inatosha kuizungusha ikiwa chini na kupima kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda. Toa plagi zote, fungua njia ya hewa, zungusha. Hapo kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: mji wetu uko juu ya mita 1,200, hewa ni nyepesi, na kipimo kinasoma pungufu kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na usawa wa bahari. Silinda ambayo pwani ingesoma psi 150 itasoma 130 hivi hapa, na haina kosa. Kinachotakiwa kukutisha ni tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zikisoma 130 na moja 100, ondoka.

Kompresheni nzuri haisemi lolote kuhusu beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini), na hizo ndizo zinazoua injini nyingi za namna hii. Fungua karta, sahani ya oili iliyo chini. Pitisha kidole kwenye tope la mwisho, kisha ulitazame juani. Chembe zinazometameta rangi ya shaba zinatoka kwenye tabaka la ndani la beringi: tabaka laini la juu limekwisha lika. Kwenye injini ya mstari kama 1JZ unaweza kwenda mbali zaidi, ukalegeza kofia ya konrodi na kuitazama beringi yenyewe. EJ20 haikupi nafasi hiyo. Silinda zake zimelala ubavu, na beringi huzioni mpaka upasue bloku nzima. Kwa hiyo hatari ya kununua hizi mbili si sawa, ingawa sokoni huzungumziwa kana kwamba ni bidhaa moja.

Sasa ule ugonjwa. Injini nyingi tunazoziita "mbovu toka Japani" zilikufa hapa, zikiwa mikononi mwetu. Injini hizi zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, inayouzwa ikiwa na oktani, yaani uwezo wa kutowaka kabla ya wakati, karibu 100. Sisi tunazinywesha esansi (petroli) ya pampu isiyofika daraja hilo, na siku pampu zikikauka, chupa na vidumu vya Kadhafi, wale wauza mafuta wa kando ya barabara. Turbo inasukuma, mafuta yanawaka kabla ya wakati wake, pistoni inapasuka kingo. Ukiweka injini ya pili bila kushusha presha au kurekebisha kompyuta, umeipa adhabu ile ile iliyoiua ya kwanza.

Kuna kosa jingine linaloniuma kwa sababu huondoa fedha za watu bure. Beringi zikisagika, unga wa chuma unasambaa na oili mpaka kwenye kipoza oili, mabomba na turbo. Turbo ikipasuka, vipande vinaweza kulala ndani ya intakula, kipoza hewa ya turbo. Fundi anafunga injini nyingine, anarudisha vifaa vile vile bila hata kuviosha, na muda si mrefu injini inagonga. Lawama yote inamwendea muuzaji. Mara nyingi si haki.

Upande wa kukereza nao una faida ambayo mji huu unaidharau. Tangu kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa 1906, mpaka Gécamines iliyoirithi, migodi imelea vizazi vya watu wanaojua kukereza vyuma. Ugumu uko kwenye vipuri: seti ya pistoni na beringi halisi huchukua muda kufika, na bandia hufika haraka. Asiye na subira ya kungoja halisi asianze kazi hii.

Kwangu mimi, mwenye EJ20 ambayo bloku yake haijatoboka na krenki inakerezeka aanze kwa mkereza, maana atakuwa ameziona beringi kwa macho yake. Bloku ikiwa imetoboka, hana njia ila kununua, na aweke kando hela za kipoza oili kipya na za kupanga upya kompyuta kabla hajaanza kujadili bei ya injini. Kwa 1JZ ningenunua, mradi muuzaji akubali karta ifunguliwe mbele yangu, na namba ya injini iwe kwenye hati ya DGDA, idara ya forodha ya Kongo.