Mkesha wa Ijumaa na kidonge cha saa tatu usiku

Lawama inayosikika sana Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Muheza, ni kwamba makanisa ya zamani, yaani Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, yamewashindwa pepo. Kijana akianguka kifafa, padri au mchungaji humwekea mikono, humwombea kwa sauti ya kawaida, kisha humuuliza mama yake: "Dawa anatumia?" Swali hilo ndilo linalowaudhi watu. Mtumishi wa Mungu anayeulizia vidonge, wanasema, ameshakiri kwamba hana nguvu. Kwenye mkesha wa maombezi hakuna anayeuliza hivyo. Huko pepo anakemewa, anataja jina lake, anatoka, na Jumapili inayofuata mtu anasimama mbele ya watu kutoa ushuhuda.

Lawama hiyo ina uzito wake, lakini swali la dawa limehukumiwa haraka mno.

Tuanze na Maandiko, maana pande zote mbili huanzia hapo. Katika Marko 9 baba anamleta mwanawe anayetokwa na povu, anasaga meno na kukauka, na ambaye mara nyingi ametupwa motoni na majini. Anayeishi pwani hii hahitaji kufafanuliwa maneno hayo: moto ni mafiga matatu yaliyo sakafuni, maji ni bahari ya Sahare chini ya ngalawa. Yesu hakumwelekeza baba yule kwa tabibu. Alimkemea pepo. Mathayo 17 inaeleza tukio hilohilo, na ndani yake baba anasema wazi kwamba mtoto ana kifafa, na bado mwishoni ni pepo anayemtoka. Watu wa maombezi wanasimama juu ya andiko zito, na wanaowacheka hawajalisoma.

Ila Mathayo huyohuyo, sura ya 4 mstari wa 24, anaorodhesha walioletwa kwa Yesu: "wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza". Makundi matatu. Kwa hiyo mwandishi wa Injili alimjua mgonjwa mmoja wa kifafa aliyekuwa na pepo, na aliwajua wengine wenye kifafa ambao hakuwaweka katika fungu la wenye pepo. Paulo naye, ambaye wagonjwa wengi waliponywa kwa mkono wake, anamwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Hakumwambia afunge siku tatu. Wala hakuna mahali Timotheo anaposhukiwa kuwa na pepo wa tumbo.

Upande wa maombezi una hoja nyingine isiyotoka katika aya. Watu wa pwani hawakujifunzia habari za pepo kanisani. Waliwajua ruhani na subiani kabla ya misheni ya kwanza kufika, wakajua ngoma za kuwapunga, na wakajua gharama zake. Wamisionari wengi waliita yote hayo ujinga, wakafunga mjadala. Matokeo yake, Mkristo alipanda madhabahuni asubuhi na kwenda kwa mganga usiku. Waliokuja baadaye na maombezi walifanya kilichokataliwa: waliuamini woga wa mgonjwa, wakakesha naye mpaka alfajiri, wakarudi kesho yake. Hospitali ilimpa dakika tano na bahasha ya vidonge. Na mikono ya kanisa la zamani si safi kiasi hicho. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917, kanuni ya 984, ziliwazuia kupewa daraja takatifu wenye kifafa, wenye wazimu na waliopagawa na pepo, wote katika kifungu kimoja. Kifafa kiliondolewa katika vizuizi hivyo na sheria mpya za 1983 tu. Basi muumini wa Korogwe anayechanganya mambo hayo hakuyabuni yeye.

Pamoja na yote hayo, kuna jambo moja ambalo upande wa maombezi haujalitazama kwa makini, nalo ni hesabu ya ushuhuda.

Dawa ya kifafa inayopatikana zaidi katika zahanati na hospitali zetu ni fenobabito. Mtu mzima huanzishiwa kwa kawaida miligramu 60, vidonge viwili vya 30, na huvinywa usiku kwa sababu vinaleta usingizi. Dawa hii ina tabia ya kukaa mwilini. Kwa mtu mzima huchukua takriban siku nne kupungua nusu, kisha siku nne nyingine nusu ya ile nusu, na kuendelea. Sasa mchukulie mgonjwa aliyekuwa akinywa dawa zake vizuri, akaenda mkesha wa Ijumaa, akaambiwa amefunguliwa, na akavitupa vidonge kama tendo la imani. Jumapili ya kwanza bado ana karibu asilimia 70 ya dawa yote mwilini. Jumapili ya pili ana kama moja ya tano. Haanguki. Tena anajisikia mwepesi kuliko kabla, kichwa kimefunguka, ule usingizi wa mchana umeisha, kwa kuwa uzito ule ulikuwa wa dawa na dawa inapungua. Anasema mzigo umeondoka, naye hasemi uongo. Ushuhuda unatolewa, watu wanashangilia, na mama mwingine aliyeketi nyuma anaamua na wa kwake aache.

Jumapili ya tatu dawa imebaki moja ya kumi na sita. Hapo ndipo hatari ilipo, maana ubongo uliozoea fenobabito na ukaikosa ghafla unaweza kutoa degedege kali kuliko za mwanzo, moja ikifuata nyingine bila mgonjwa kupata fahamu katikati. Hali hiyo huua. Na ikitokea, maelezo yapo tayari katika Mathayo 12: pepo mchafu amerudi na wenzake saba walio waovu kuliko yeye. Mgonjwa anaulizwa amefanya dhambi gani iliyomfungulia mlango. Hakuna anayeuliza kuhusu vidonge, na waliosikia ushuhuda wa Jumapili ya pili hawapo kitandani Jumapili ya tatu.

Hesabu hiyohiyo humdhulumu daktari kwa upande wa pili. Anayeanza dawa leo huhitaji wiki mbili hadi tatu kabla haijafikia kiwango chake mwilini. Akianguka siku ya sita, nyumba nzima inasema dawa ya hospitali haifanyi kazi, hili ni la kiroho. Yaani dawa inalaumiwa ikiwa bado haijajaa, na maombi yanasifiwa dawa ikiwa bado haijaisha. Ongeza kwamba kifafa chenyewe huja kwa vipindi. Anayeanguka kila baada ya miezi miwili atapata wiki nane njema baada ya chochote atakachofanyiwa, iwe maombezi, hirizi au kikombe cha majani.

Hapo swali la padri, "dawa anatumia?", linabadilika sura. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kuacha dawa kunawezekana, lakini daktari hulifikiria baada ya miaka miwili bila kuanguka, na hupunguza dozi kidogo kidogo kwa miezi. Anayeamini amepona kwa maombi hapotezi chochote akipita njia hiyo. Uponyaji wa kweli hautatishwa na kidonge kinachopunguzwa polepole.

Je, ina maana kila anayeanguka kanisani ana kifafa? Hapana, na hapa watu wa hospitali nao hukosea. Kifafa kikubwa hufanana kila kinapokuja: mwili unakakamaa, kisha unatikisika, dakika moja hadi tatu, macho wazi, pengine ulimi umeng'atwa pembeni na mkojo umetoka, halafu usingizi mzito na kuchanganyikiwa. Humpata mtu hata akiwa peke yake, hata usingizini. Anayepandisha pepo mara nyingi hufunga macho, hujibu akiulizwa, hutaja jina, hudai marashi au kanzu, na hali hiyo huweza kuendelea nusu saa mbele ya watu. Huyo wa pili kumjaza fenobabito hakumsaidii. Ana mateso halisi, mara nyingi ya ndoa, msiba au jambo asiloweza kulisema kwa kinywa chake, na waombaji wenye subira wanaweza kumfaa kuliko dawa. Wapo pia wenye yote mawili, ndiyo maana kubahatisha kwa jicho hakutoshi.

Utaratibu wa Kanisa Katoliki ambao wengi wanauona kama ubaridi umejengwa juu ya tahadhari hiyo. Kanuni ya 1172 inataka ruhusa maalumu na ya wazi ya askofu kabla ya kumtoa mtu pepo kwa ibada rasmi, na ruhusa hupewa padri mwenye uchaji, elimu, busara na maisha manyofu. Kitabu cha ibada hiyo kilichotolewa 1999 kinamtaka padri asikimbilie kuamini kwamba kuna pepo pale penye ugonjwa. Maelekezo ya Roma ya mwaka 2000 kuhusu sala za kuomba uponyaji yanakataza kuchanganya ibada ya kutoa pepo na misa, na yanakataza maonyesho na mihemko. Sheria hizi hazikani kwamba Shetani yupo. Zinamlinda mgonjwa asifanywe tamasha.

Kwa Walutheri wa mkoa huu jambo liko karibu zaidi. Misheni iliyokuja kujulikana kwa jina la Bethel, iliyofanya kazi Usambara kuanzia Mlalo mwaka 1891, iliungana na nyumba ya Bethel kule Bielefeld, Ujerumani, iliyoanzishwa 1867 mahususi kwa ajili ya watu wenye kifafa. Na Lutindi, juu ya milima ya Korogwe, ilianza 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili mpaka leo. Kumhudumia mgonjwa wa namna hii ni sehemu ya imani iliyopandwa hapa tangu mwanzo, hata kama wajukuu wa waliobatizwa Mlalo leo wanaiita kukosa upako.

Mkesha wenyewe unahitaji kuangaliwa. Huanza saa tatu usiku, saa ileile ya kidonge, na huisha saa kumi na moja alfajiri. Kukosa usingizi ni miongoni mwa vichocheo vikubwa vya kifafa. Kuongeza njaa ya mfungo na dozi iliyorukwa ni kumwandalia mgonjwa aanguke saa tisa usiku, halafu kuanguka kwenyewe kuhesabiwe kuwa pepo amelipuka. Anayetaka kumwombea mgonjwa wa kifafa amwombee mchana. Akifunga, afungue jioni, ameze dawa yake na alale.

Na akianguka wakati wa ibada, wanne wasimkandamize. Asimiminiwe maji wala mafuta ya upako mdomoni, maana hamezi, yataingia kwenye mapafu. Asitiwe kijiko kati ya meno. Aondolewe karibu na viti na spika, alegezwe kola, alazwe ubavu mate yatoke, na mmoja aangalie saa. Zikipita dakika tano, au akirudia kabla fahamu hazijarudi, itafutwe gari. Povu halimwambukizi mtu, na mtoto mwenye homa anayetikisika aende hospitali muda huohuo. Malaria iliyopanda kichwani haingoji alfajiri, na ile hofu kwamba mwenye degedege akichomwa sindano hufa imewachelewesha wengi.

Linabaki la mauti. Wenye kifafa wengine hufa usiku, kitandani, bila aliyewaona. Msibani maneno huanza: kafa na pepo wake, itakuwaje huko aendako? Hapa wahubiri wa maombezi hukwama, kwa sababu wakishafundisha kwamba asiyepona hakufunguliwa, hawana neno la kumwambia mama anayezika. Mafundisho ya upande wa pili yanalo. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, haukuondolewa, na hakuna Mkristo anayesema alikufa mikononi mwa adui. Warumi 8 inataja mauti, wenye mamlaka na wenye uwezo, kisha inasema hakuna kati yao kitakachotutenga na upendo wa Mungu. Neno hilo linamhusu aliyezikwa na vidonge vyake juu ya meza, na linamhusu aliyevitupa.

Hoja moja ya watu wa maombezi bado haijajibiwa na makanisa yanayojivunia hospitali. Fenobabito ni dawa inayodhibitiwa kisheria, si kila duka huiuza, na zahanati ya kijiji ikiishiwa, mgonjwa huambiwa arudi wiki ijayo. Wiki moja bila dawa, kwa hesabu ile ya siku nne nne, inamwacha na chini ya theluthi. Mkesha hauna siku ya kuishiwa. Parokia au usharika unaoulizia "dawa anatumia?" uwe pia na mfuko wa diakonia, yaani wa kuwahudumia wenye shida, wenye akiba ya nauli ya kwenda hospitali ya Bombo mjini Tanga na bei ya vidonge vya mwezi mmoja, pamoja na daftari la nani amebakiza vingapi.