Chupa 40 Kabatini

Chuoni tulikaa wawili chumba kimoja, mimi na jamaa tuliyemwita Kijiko. Jina alilipata kwa haki. Mfuko wa shati lake haukukosa kijiko, maana huwezi kujua ni mlango wa nani utafunguliwa sufuria ikiwa imeshaiva. Ukigonga mfuniko tu, yeye kishafika. Na hakuuliza kumepikwa nini. Kwake kuuliza ilikuwa dharau.

Sote tulikuwa hivyo, tusidanganyane. Chakula kizuri kilikuwa chakula kingi. Maharage ya juzi yakianza kutoa vipovu tuliyachemsha mara mbili: mara ya kwanza yaive upya, mara ya pili yaogope. Bia nayo tuliichagua kwa hesabu. Chukua hela iliyopo, gawa kwa bei, ile inayotoa chupa nyingi ndiyo tamu. Tuliinywa ikiwa imebakiza kidogo igande, na leo ndiyo nimejua kwa nini: baridi kali inautia ulimi ganzi. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunakunywa kwa nusukaputi.

Nikamaliza chuo, nikapata kazi, nikapata mshahara, nikanunua friji yangu mwenyewe. Balaa likaanzia hapo.

Mfanyakazi mwenzangu mmoja alinipa kopo la bia aina ya India Pale Ale kwenye sherehe ya kumuaga bosi. Nikapiga funda. Chungu kama shubiri! Uso ulijikunja, na kwa bahati yangu mpiga picha alikuwa pale pale. Mpaka leo kwenye picha ya kumuaga bosi mimi ndiye ninayeonekana kuumia kuliko wote. Kwenye kopo waliandika IBU 65. Nikadhani ni umri wa wanaoruhusiwa kuinywa. Baadaye nikaelezwa kuwa ni kipimo cha uchungu unaotoka kwenye maua ya hopsi, na kwamba zile bia nyepesi kama tulizokuwa tukinywa chuoni huwa zinachezea kwenye 10 hivi.

Sasa, ulimi una akili zake. Sumu nyingi ni chungu, ndiyo maana ukimpa mtoto kitu kichungu anakitema na kukuangalia kama muuaji. Lakini ulimi ukionja mara ya tatu, ya nne, ukaona mwenye nyumba hafi, unalegeza. Mara ya sita mimi ndiye niliyekuwa nasimamisha watu kwenye korido kuwaeleza habari za hopsi. Kahawa ikaacha sukari. Zikaja zeituni. Mwisho likaja jibini lile lenye ukungu wa bluu, ambalo mke wangu analifungia kwenye vyombo vitatu, kimoja ndani ya kingine, kana kwamba ni ushahidi wa kesi.

Nikawa mtu wa kero, nakiri. Kuna harusi niliinua glasi, nikainusa, nikaizungusha, nikainusa tena. Mama akaninong'oneza, "Kuna nzi?"

Basi, siku moja simu ikalia. "Mwanangu! Ijumaa ya wiki ijayo nipo kwako, nalala siku mbili." Kijiko! Miaka 11 hatujaonana.

Wakati huo nilikuwa na lita 20 za bia ndani ya ndoo, niliyoipika mwenyewe kwa kimea, hopsi na hamira. Siku ya tano tu. Sheria ya kazi hii ni kwamba hamira iachwe imalize kula sukari yake. Unapima kwa haidromita, kifaa kinachoonesha sukari iliyobaki kwenye bia, na namba ikigoma kushuka siku kadhaa mfululizo ndipo unajaza chupa. Halafu unaongeza sukari kidogo sana, gramu 6 au 7 kwa lita, ili hamira iliyobaki itengeneze gesi humo humo chupani. Kisha unasubiri kama wiki mbili.

Mimi nilikuwa na siku tisa. Mfuniko wa ndoo bado ulikuwa unapumua, blup, blup, kama mzee aliyelala kashiba. Nikajiambia hizo ni pumzi za mwisho mwisho. Mizani ndogo ilikuwa imeisha betri, kwa hiyo sukari nikaipima kwa kijiko; na si kijiko sawa, kijiko chenye kichuguu. Katikati ya kazi mtu akabisha hodi. Niliporudi sikukumbuka kama nilikuwa nimeshaweka. Nikaweka.

Zikatoka chupa 40 za nusu lita. Mke wangu akasema jikoni kwake hazikai. Nikazipanga kwenye kabati la chumba cha wageni, chini ya suti yangu ya harusi. Kabati lina joto zuri, nikafurahi.

Ijumaa Kijiko akafika. Kanenepa, kapendeza, na mfuko wa shati una kalamu! Nilihuzunika kidogo. Kwapani alikuwa na katoni.

"Shemeji," akamwambia mke wangu hata kabla ya kukaa, "naomba maji ya uvuguvugu."

"Maji?" nikauliza mimi.

Akavua soksi, akanionesha kidole gumba cha mguu. "Gauti, mwanangu. Usiku hata shuka likigusa hapa naona nyota. Daktari kanambia bia niiage, inaipandisha."

Lita 20, na mgeni wangu anakunywa maji ya uvuguvugu. Halafu akafungua katoni kwa tabasamu la mtu aliyehifadhi siri safari nzima. Ndani: makopo 24 ya bia yetu ya chuoni. Ile ile. "Nilijua wewe hubadiliki," akasema.

Ningesema nini? Nikanywa moja mbele yake. Nilijizuia kuinusa, na mke wangu alikuwa ananiangalia nikijizuia.

Baada ya kula akang'ang'ania kuosha vyombo, kashukuru kupita kiasi kama alivyo. Alipotoka jikoni alikuwa anajifuta mikono, kajaa fahari. "Shemeji, nimekusaidia na friji. Kulikuwa na kitu kimeoza mle, mmekifunga mara tatu mkakisahau. Nimeshakitupa. Gari la taka lilikuwa linapita, bahati gani!"

Kipande kizima. Nilikuwa nakikata kwa ncha ya kisu, kila Jumapili kidogo, kama dawa.

Saa nane usiku nikasikia: PAA!

Kimya. Halafu PAA! PAA-PAA! Moja ikipasuka inampiga jirani yake, jirani naye alikuwa anasubiri kisingizio. Nikakurupuka na ufagio, sijui nilitaka kumfagia nani. Kutoka chumba cha wageni nikasikia sauti ya Kijiko, chini chini, inatokea uvunguni: "Wape! Chochote wanachotaka, wape!"

Nikasukuma mlango. Povu lilikuwa linatambaa chini ya kabati taratibu, bila haraka, likielekea kwenye viatu vyake. Kisha milango ya kabati ikafunguka yenyewe, na suti yangu ya harusi ikaning'inia pale imelowa, bega moja limeshuka, kama bwana harusi aliyekimbiwa. Mke wangu akawasha taa. Akaliangalia povu. Akaniangalia mimi.

"Ni wewe," akasema, akarudi kulala.

Zilipasuka 13 usiku ule, na ashukuriwe aliyetengeneza kabati lenye mbao nene, maana vigae vya chupa vilijichoma humo ndani kama mishale. Asubuhi ikabidi zilizobaki zitolewe gesi. Nikavaa helmeti ya pikipiki, koti zito na glavu za bustani, nikajifungia bafuni, nikawa nafungua moja moja. Kila kizibo kilichotoka kiligonga dari, na nyuma yake bia yote ikapanda kama chemchemi. Za mwanzo niliguna. Kufika ya kumi nilikuwa naziomba radhi.

Kijiko alikuwa nje ya mlango, ananihesabia. "Ishirini na sita... Imebaki moja?"

"Moja."

Ile ya mwisho ilipomaliza hasira zake, chini palikuwa na bia ya vidole viwili, nzito, yenye tope la hamira. Nikafungua mlango, nikamwonesha.

"Umeionja?" akauliza.

"Bado."

Akaitazama chupa. Akakitazama kidole chake cha mguu. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa suruali, akatoa kijiko. Kile kile! Mpini umepinda pale tulipofungulia kopo la maziwa mwaka wa pili.

"Kimoja hakiui," akasema. Nikammiminia. Akafumba macho, akazungusha mdomoni, akameza.

"Tamu hii, mwanangu. Tamu mno. Sukari ulipimia nini?"

Nikakitazama alichokishika, nikavua helmeti.