Antibaiotiki ya siku ya kwanza kwa vifaranga wa broila, ni kinga au ni kufunika uchafu?

Wafugaji wengi wa broila wana hii kawaida wameishika kama ibada, vifaranga wakishushwa tu kwenye maboksi wanakuta antibaiotiki kwenye maji, siku tatu mpaka tano, wawe wanaumwa wasiumwe. Wengine wanasema huo ni ujinga uachwe leo leo. Mi naona kila upande kuna pahala umepatia.

Nianze na wanaotoa dawa maana ndo wanaosemwa sana. Kifaranga anaanguliwa na mabaki ya kiini tumboni, ndo akiba yake ya chakula na kinga aliyopewa na mama, na inatakiwa iishe ndani ya kama wiki moja. Sasa yai likiwa na kinyesi, au mashine ya kutotolea ni chafu, au kitovu hakijafunga vizuri, bakteria wanapitia hapo hapo, mara nyingi E. koli, wanakuta lishe na joto, wamewekewa meza. Kifaranga anazubaa, tumbo linajaa, kitovu chekundu kimelowa, siku ya tatu ya nne unaokota mizoga. Na kuna salmonela ya pullorum, bakteria wa ule mharo mweupe, hiyo inatoka kwa kuku mzazi ikiwa ndani ya yai kabisa, halafu mmoja anaambukiza wenzake kule kule kwenye mashine. Umwambie mtu asubiri majibu ya maabara siku kadhaa wakati wanakufa kila asubuhi? Mi simshangai akikimbilia dawa.

Ila tuulizane, dawa yenyewe inafanya nini? Kiini kikishaoza ni nadra sana dawa kumrudisha huyo kifaranga, na mgonjwa hata maji hanywi vizuri, kwa hiyo dozi wanaimaliza wazima. Kwa wazima inaweza kuzuia maambukizi yasisambae, sawa, hilo nakubali. Lakini utumbo wa kifaranga wa siku moja ni kama kiwanja kitupu, anayewahi ndo anajenga. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha kwamba vifaranga wakipewa bakteria wa utumbo wa kuku wakubwa, salmonela inapata shida kuingia. Sasa wewe unamwaga antibaiotiki siku ambayo bakteria wazuri ndo wanatafuta pa kukaa!

Halafu usugu, yaani bakteria kuzoea dawa isiwaue tena, na hapa kuna mfano ambao kwangu ni mzito kuliko hoja zote. Kanada, jimbo la Quebec, vituo vya kutotolesha vilikuwa vinachoma seftiofa ndani ya mayai, dawa ya ukoo mmoja na seftriaksoni tunayochomwa sisi hospitali. Mwaka 2005 wakaacha kwa hiari, usugu wa salmonela aina ya Heidelberg ukashuka kwenye nyama ya kuku na kwa watu pia, waliporudia kidogo ukaanza kupanda tena. Umoja wa Ulaya nao tangu Januari 2022 sheria inakataza antibaiotiki za mazoea, na inakataza pia kuzitumia kufidia usafi mbovu au uangalizi hafifu.

Hilo la kufidia ndo penyewe. Ila wanaopiga kelele dawa ziachwe wanasahau mfugaji hana mamlaka na kuku wazazi wala mashine, anauziwa tatizo likiwa ndani ya boksi, kwa hiyo kumkaba yeye tu ni kumuonea.

Na sio kila kifo cha wiki ya kwanza ni bakteria. Kifaranga aliyepigwa baridi au aliyechelewa maji na chakula naye anabaki na kiini kikubwa, ukimpasua utadhani ni ugonjwa. Tofauti ni kwamba kiini kilichoambukizwa mara nyingi kimekuwa majimaji, rangi imeharibika, kinanuka vibaya. Huyo wa baridi unampa antibaiotiki ya nini, si ungewasha bruda, yaani sehemu ya kuwapasha joto, mapema ifike nyuzi 32 hadi 34 kabla hawajaingia, na baada ya saa 24 ukapapasa magole, vile vifuko vya chakula shingoni, kama yamejaa?

Kwa hiyo mi dawa nakubali pale daktari wa mifugo amepasua mizoga, ameona kiini kimeoza kwa kadhaa na vifo vinaongezeka, aanze huku sampuli ikienda maabara, ikija majibu anabadilisha au anasimamisha. Na rekodi za vifo zirudi kwa aliyeuza vifaranga, boksi kwa boksi, akituma mzigo wa pili na vitovu bado vimelowa, hama.